Umepokea kwa Nani?

Rasimu ya kwanza ya bibliografia yangu yenye maelezo ilikuwa na maandiko 31, yamepangwa kwa alfabeti, kila moja likifuatwa na aya fupi iliyoandikwa kwa lugha safi, na siku niliyoipeleka kwa msimamizi wangu niliamini kwamba sehemu hiyo ya utafiti imekwisha. Aliisoma mbele yangu, kalamu mkononi, na karibu katika kila aya akapigia mstari neno lile lile: "kinaeleza", "yanaeleza", "inaeleza". Kitabu hiki kinaeleza maisha ya Muyaka. Makala haya yanaeleza ushairi wa Kimvita. Sura hii inaeleza historia ya Mombasa. Alipomaliza aliniuliza ni mangapi kati ya maandiko hayo nimeyashika mkononi na kuyasoma. Nilimjibu kwa kweli kwamba ni 11. Mengine niliyajua kwa ikisiri zake, kwa maneno ya jalada la nyuma, au kwa kuyakuta yametajwa katika marejeleo ya watu wengine, nami nikayachukua yalivyo.

Hakunikaripia. Alisema tu, "Umenijulisha kila kitabu kinahusu nini, lakini hujanijulisha hata mara moja mwandishi wake aliyajuaje anayoyasema." Nilitoka ofisini nikiwa na karatasi zangu na sentensi hiyo, na miezi miwili iliyofuata niliitumia kujifunza maana yake.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza, na mada yangu ilihusu mashairi ya siasa ya Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita, yaani Mombasa, ambaye kwa kawaida husemwa kuwa alizaliwa mwaka 1776 hivi na kufariki mwaka 1840. Aliishi wakati Mombasa ilipokuwa mikononi mwa ukoo wa Mazrui, akawa upande wao katika ugomvi wao na Lamu na baadaye na Seyyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, akajibizana kwa mashairi na malenga wa Lamu, Zahidi Mgumi, na akaishi kuuona utawala wa Mazrui ukianguka mwaka 1837. Nimezaliwa na kulelewa Kibokoni, katika Mji wa Kale, na jina la Muyaka nimelisikia tangu sijajua kusoma. Wazee hulitaja kwenye baraza kama wanavyomtaja jirani aliyehama. Ukaribu huo ulinidhuru mwanzoni, kwa sababu kila nilichosoma kilionekana kwangu kuwa kweli kwa vile kilikuwa kimezoeleka sikioni.

Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kufuta maandiko yote ambayo sikuwa nimeyasoma. Iliuma, kwani orodha ndefu humpa mwanafunzi ujasiri fulani, naye hudhani kwamba wingi wa majina ni ushahidi wa juhudi. Kisha nikarudi kwenye yale 11 na kuyasoma upya nikiwa na swali moja tu: huyu amejuaje? Nilianza na dibaji na shukrani, kurasa ambazo zamani nilizipita haraka ili nifike kwenye mashairi. Huko ndiko nilikokuta habari nilizozihitaji zaidi, kwa sababu hapo ndipo mwandishi hutaja aliyemfungulia sanduku la karatasi, aliyemsomea, aliyemfasiria, na maktaba iliyomkopesha.

Nilikuwa na vitabu viwili vikuu juu ya Muyaka. Cha kwanza ni diwani iliyohaririwa na William Hichens na kuchapishwa Johannesburg mwaka 1940, miaka 100 baada ya mwaka unaotajwa kuwa wa kifo cha mshairi. Cha pili ni kile cha Mohamed H. Abdulaziz, mtaalamu wa isimu, kilichotolewa Nairobi mwaka 1979, chenye mashairi, tafsiri ya Kiingereza na maelezo marefu juu ya jamii ya Mombasa ya karne ya 19. Katika rasimu yangu ya kwanza nilikuwa nimeandika, kwa fahari, kwamba vitabu hivi viwili "vinathibitishana", kwa kuwa shairi lililomo katika kimoja limo pia katika kingine, na maneno yake yanakaribiana sana.

Niliposoma kwa lile swali jipya niligundua kwamba havithibitishani kwa namna niliyodai. Vyote viwili vinarudi kwenye karatasi za mtu mmoja, William Ernest Taylor, mmisionari Mwingereza aliyeishi Mombasa katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, akajifunza Kimvita kwa undani, na mwaka 1891 akachapisha London mkusanyo wa methali za Waswahili. Karatasi zake zimehifadhiwa katika maktaba ya SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika huko London. Na Taylor naye hakumwona Muyaka. Alisaidiwa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwanachuoni wa Mombasa, aliyeyakusanya mashairi hayo kutoka kwa watu waliokuwa wakiyakumbuka, karibu nusu karne baada ya mtunzi kuzikwa. Kwa hiyo pale nilipohesabu mashahidi wawili, shahidi alikuwa mmoja, na nyuma yake palikuwa na kumbukumbu za watu wa mji ambao majina yao hayakufika kwenye kitabu.

Nilikaa na jambo hilo siku nzima. Jioni, nikipita Ndia Kuu kurudi nyumbani, nilikumbuka kwamba elimu hii nilishafundishwa nikiwa na miaka tisa. Chuoni, yaani madrasa, maalim wetu hakukubali mtu aseme hadithi ya Mtume bila isnadi yake, yaani mlolongo wa waliopokezana. Ukisema, "Imepokewa kwamba", yeye hukukatiza hapo hapo: umepokea kwa nani, naye kwa nani, naye kwa nani? Alitufundisha kwamba riwaya kumi zinazopita kwa mpokezi mmoja hazigeuki kuwa kumi kwa sababu tu zimeandikwa katika vitabu kumi. Alitufundisha pia kwamba mpokezi hupimwa kwa kumbukumbu yake, kwa uaminifu wake, na kwa kuangalia kama kweli alikutana na anayemnukuu. Sikuwahi kufikiri kwamba chuo kikuu kiliniomba kitu kile kile kwa jina jingine. Tangu jioni hiyo, maneno "bibliografia yenye maelezo" yaliacha kuwa ya kigeni kwangu.

Niliandika upya ingizo la Hichens mara nne. La mwisho lilisomeka hivi, na ninalinakili hapa kwa sababu nadhani mwanafunzi hufaidika zaidi kwa kuona mfano mmoja kuliko kwa kusoma kanuni nyingi: "Mkusanyo huu ndio uliotangulia kuyatoa mashairi ya Muyaka katika umbo la kitabu, na unaambatanisha habari za maisha yake. Matini yake yanatokana na karatasi za W. E. Taylor, aliyeyapata mashairi Mombasa kwa msaada wa Mwalimu Sikujua takriban miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Ni ushahidi mzuri wa mashairi ambayo watu wa Mombasa waliyakumbuka na kuyahesabu kuwa ya Muyaka mwishoni mwa karne ya 19. Si ushahidi wa mkono wa mtunzi mwenyewe. Utafiti huu unaitumia diwani kwa matini ya mashairi ya vita, na unapolinganisha matini hayo na ya Abdulaziz hauhesabu kufanana kwao kuwa uthibitisho wa pili, kwa kuwa asili yao ni moja."

Msimamizi wangu alitaka kila ingizo liwe na maneno 150 hivi, na mpaka huo ulinifaa. Ukiwa na nafasi ndogo namna hiyo, hulazimiki kusimulia kitabu kizima sura baada ya sura. Unalazimika kuamua ni kipi katika kitabu hicho kinagusa swali lako. Niliona kwamba pale nilipoandika muhtasari mrefu, sababu ilikuwa ni kwamba bado sijajua kitabu kile nakitakia nini. Maingizo mawili niliyafuta kwa sababu hiyo tu. Vilikuwa vitabu vizuri sana juu ya historia ya pwani, nilivisoma kwa furaha, lakini havikuwa na neno lolote la kusema juu ya swali langu.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikulitarajia, nalo ni hati. Mashairi ya zamani ya Waswahili yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na herufi hizo, kama zilivyotumiwa zamani, hazikutenganisha sauti zote za lugha yetu. Herufi moja ingeweza kusomwa b, p au mb, na nyingine f au v. Msomaji alijua kwa maana na kwa mizani. Mtu anayeligeuza shairi kutoka hati hiyo kulitia katika herufi za Kirumi hanakili tu, bali anaamua, neno kwa neno. Tena anaamua kuhusu lahaja: je, aandike "nti" na "ndia" kama Mvita wasemavyo, au alainishe ziwe "nchi" na "njia" ili mwanafunzi wa Kiswahili sanifu asikwame? Baada ya kulielewa hilo, niliongeza katika kila ingizo la matini sentensi moja inayosema mhariri alifanya nini na hati na lahaja. Ilinibidi kurudi kwenye vitabu ambavyo nilidhani nimevimaliza, lakini sentensi hiyo moja ilinisaidia kuliko kurasa nyingi nilizokuwa nimenukuu, kwa sababu hoja yangu ilitegemea maneno machache katika mashairi ya vita, na maneno hayo yangeweza kuwa ya Muyaka au ya mhariri.

Baadhi ya miswada ya Kiswahili ya SOAS imepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti. Mara ya kwanza nilipofungua moja na kuukuza ukurasa, nikaona wino na irabu zilizotiwa kwa mkono, nilinyamaza kwa muda. Maneno yaliyotungwa na kusemwa katika mitaa ninayopita kila siku yalikuwa yamesafiri hadi London yakiwa katika sanduku la mmisionari, yakachapishwa Johannesburg, na sasa yamerudi Kibokoni kwenye kioo cha simu ya mwanafunzi aliyekaa ngazini akitafuta mahali penye mtandao.

Tabu ya majina inastahili aya yake. Nilitumia Zotero, programu ya kupanga marejeleo, na ni chombo kizuri ambacho kimeniondolea kazi nyingi ya kuchosha. Lakini mtindo wa marejeleo wa APA, tuliotakiwa kuufuata, huanza na jina la ukoo na kufuatisha herufi za mwanzo za majina mengine, na sisi wa pwani hatukuitwa kwa mpango huo. Nilipoingiza "Muyaka bin Haji" katika nafasi nilizopewa, programu ilinitolea "Haji, M. B." Baba akawa mtunzi, mtunzi akabaki herufi moja, na neno "bin", ambalo maana yake ni mwana wa, likageuka kuwa jina la kati. Nilirekebisha kwa mkono, nikamweka chini ya M, kwa jina analojulikana nalo mji mzima. Kwa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeandika historia ya ukoo wake waliotawala Mombasa, nilijifunza kwamba mwandishi huwekwa chini ya jina la ukoo, yaani chini ya M ya Mazrui, na kwamba "al" ya Kiarabu inapotangulia jina kama hilo haihesabiwi katika kupanga alfabeti. Ibrahim Noor Shariff, ambaye kitabu chake cha mwaka 1988 juu ya misingi ya tungo zetu kilinipa hoja nzito za kupinga baadhi ya niliyoyasoma kwingine, alikaa chini ya S bila tatizo.

Nilimwandikia msimamizi wangu nusu ukurasa nikimweleza kila uamuzi niliofanya juu ya majina, na akakubali uwe utangulizi wa bibliografia. Nawasihi wanafunzi wa pwani wafanye hivyo. Kanuni za marejeleo zinatakiwa kumsaidia msomaji akipate kitabu, na msomaji anayemtafuta Muyaka hatamtafuta chini ya jina la babake. Vilevile katika kutafuta: mshairi huyu nimemkuta katika katalogi kama Muyaka bin Haji, Muyaka bin Mwinyi Haji, na kwa nisba, yaani jina la nasaba, ya al-Ghassaniy, na kila namna ya jina ilinifungulia kitu ambacho namna nyingine haikunionyesha.

Lipo pia suala la kauli zinazorudiwa. Karibu kila aliyeandika juu ya Muyaka husema kwamba ndiye aliyeutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni, yaani aliutoa kwenye tenzi za dini akautia katika mambo ya kila siku. Ni kauli yenye mvuto, nami niliinukuu katika pendekezo langu la utafiti bila kuichunguza. Katika bibliografia nilianza kuandika, kwa kila kitabu kilichoisema, kama kinaleta mashairi ya kuionyesha au kinairudia tu kwa kutegemea kitabu kilichotangulia. Waliokuwa na mifano hawakuwa wengi kama nilivyodhani. Na Shariff alinikumbusha kwamba nyimbo za ngoma, za harusi na za kazi zilikuwako daima mdomoni mwa watu, ziwe zimeandikwa au la, hivyo soko halikuwa tupu kabla ya Muyaka kufika. Sikuifuta kauli ile, kwa sababu ina kweli ndani yake kuhusu ushairi ulioandikwa na kuhifadhiwa, bali niliiwekea mipaka. Hilo ni jambo ambalo nisingeliweza kama ningevisoma vitabu kimoja kimoja na kuvifunga. Lilionekana kwa sababu maelezo yalikuwa yamekaa pamoja kwenye karatasi, yakitazamana.

Kuhusu kazi yenyewe ya kila siku nitasema machache. Andika maelezo siku ile ile unapomaliza kusoma, hata kama ni mabaya, kwa maana baada ya wiki moja utakumbuka msimamo wa mwandishi na utasahau ushahidi wake. Andika nambari ya ukurasa wakati kitabu kiko mbele yako. Nilipoteza alasiri mbili katika maktaba ya makumbusho ya Fort Jesus, ambako vitabu husomwa humo humo, nikitafuta sentensi moja niliyoinukuu bila ukurasa. Na ukipiga picha ukurasa kwa simu, piga na ukurasa wa jina la kitabu na wa mwaka wa kuchapishwa, la sivyo utabaki na picha nyingi za maneno yasiyo na mwenyewe.

Ingizo la mwisho katika bibliografia yangu si kitabu. Jirani yetu mmoja, mzee ambaye mtaani sote tunamwita Babu, anajua kwa moyo mashairi mengi ya Mvita, na nilipomweleza kazi yangu alinisomea shairi la Muyaka ambalo nilikuwa nalo katika diwani zote mbili. Alilisoma akiwa amefumba macho. Katika mshororo wa tatu alisema neno tofauti na lililochapishwa, neno la Kimvita ambalo siku hizi vijana hawalitumii, na mizani ilitimia vile vile. Nilimuuliza kama amelisoma mahali. Akasema hajapata kuviona vitabu hivyo.

Sikujua kama ninaruhusiwa kumweka mtu katika orodha ya vitabu. Msimamizi wangu alisema mahojiano huwekwa, mradi mhojiwa akubali, na mradi niandike tarehe, mahali na namna yalivyofanyika. Babu alikubali lakini akaomba jina lake lisitiwe, basi nikamwandika kama msomaji wa mashairi, mwanamume mzee, Kibokoni. Katika maelezo nilisema kwamba usomaji wake una neno moja linalotofautiana na matini ya Taylor, kwamba yeye hajaviona vitabu, na kwamba kwa hiyo hii inaweza kuwa njia ya pili ya mapokezi, isiyopitia kwenye karatasi zile za London. Niliona ni ingizo lenye thamani kubwa kuliko yote, na niliogopa kuliandika vibaya.

Nilimpelekea baada ya swala ya alasiri, nikamsomea aya nzima polepole. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akanitazama.

"Mwanangu," akasema, "na mimi nilipokea kwa nani? Hukuandika."

Kweli sikuwa nimemuuliza. Nilikuwa nimewauliza Hichens, Abdulaziz na Taylor, na kwa mzee aliyekaa mbele yangu nikasahau. Akaniambia ni nyanyake, aliyekuwa akiyaimba jikoni akipepeta mchele, naye aliyasikia kwa babake, aliyekuwa baharia. Nikatoa kalamu, nikayaandika hayo pembeni ya karatasi, nikamsomea tena, naye akaniambia, sasa iko sawa, ipeleke.